Mashine Iliyoombewa Jina la Kukhu Namalwa

Malava,
Kaunti ya Kakamega.
14 Septemba 2025

Mpendwa Gentrix,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima, mwanangu? Baridi ya Toronto imeanza kukung'ata? Sisi hatujambo, Mungu anatutunza. Tumemaliza kuvuna mahindi na ni goti langu tu linalolalamika.

Uliposema kwa simu kwamba ile njia mpya ya treni ya chini ya ardhi, mliyoichora na kuifuta miaka saba, sasa inaanza kuchimbwa, nilipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Binti ya kaka yangu, injinia wa kupitisha treni chini ya nyumba za watu na wenyewe wanaendelea kupika! Wekesa, jirani yetu dereva wa trekta la miwa, haamini. Anauliza udongo wote huo mtaupeleka wapi, na kwa nini msifyatue matofali. Nimjibu nini?

Sasa hilo la jina. Nimefurahi kusikia kwamba ninyi wachimbaji huipa mashine ya kuchimba njia jina la mwanamke kabla haijaingia ardhini, na kwamba wenzako wamekuachia wewe uchague. Lakini Gentrix, kweli ughaibuni kunasahaulisha! Unatoaje jina la kukhu, nyanya yako Namalwa, naye yuko hai? Kwetu jina hurithiwa mwenyewe akishalala kaburini. Tena hukumpa mtoto, umekipa chuma kinachoingia udongoni!

Kwa kuwa jina linapakwa rangi kwenye mashine Ijumaa hii, nilimwendea mama mbio. Nilijua akikataa utavunjika moyo, na akikubali shingo upande hutachimba kwa amani. Alikuwa akichambua mboga ya mrenda. Akaacha.

"Huyo mtoto anataka kunizika na mimi nakulanga obusuma yangu na mrenda vizuri?"

Nikamwonyesha picha uliyotuma, ile mashine imesimama kama ghorofa. Akaitazama weee, kisha akauliza, "Hii kitu ikishaingia, inatokea wapi?" Nikamwambia itatokea upande wa pili wa jiji, baada ya kama miaka miwili. Akacheka, Gentrix! Mama yangu wa miaka themanini na tisa akacheka mpaka akashika ubavu.

Basi amekubali, ila ana sharti. Uliniambia mashine nyingine huachwa huko huko chini kazi ikiisha. Yake isiachwe. Sharti itoke juani, na wewe uwe umesimama hapo kuipokea. Waambie wakubwa zako wasifanye mchezo na hilo.

Baba yako Ignatius anakusalimu, na mdogo wako Maurine pia, ambaye sasa anataka kusomea uinjinia; ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie kwa simu ikufikie kabla ya Ijumaa. Mungu awatangulie ninyi nyote mtakaoshuka humo, awarudishe juu salama.

Kukhu hakutuma salamu. Ametuma neno, nami naliandika alivyolisema: "Mwambie wachimbe pole pole. Siwezi kufa na jina yangu bado iko kazini."

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda na kujivunia bila kificho,
Pascalia