Anayesoma kwa Neno Langu la Siri

Kwako Bi Rahima, mshauri wetu,

Shikamoo. Naomba msaada wako, waitu mpendwa, na jina langu ulifiche kwa sababu mama yangu kule Nshamba hakosi gazeti hili. Nina miaka ishirini na minne, nipo mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Bukoba, nafanya utafiti kuhusu wakulima wanawake wa Buganguzi na mnyauko wa migomba, na kosa langu lilianza kwa huruma. Mchumba wangu Audax tulianza chuo pamoja, baba yake akafariki, akaacha masomo akaenda kisiwani Goziba kutengeneza injini za boti ili wadogo zake wasome, na siku anaondoka nilimpa neno langu la siri la maktaba ya mtandaoni ya chuo, asome hukohuko, maana Audax bila kitabu ni mtu mgonjwa.

Mwezi wa kumi alikuja bila taarifa, shati lina mafuta ya injini, mkononi ana sato wa kukausha amemfunga kwenye gazeti, akanikuta na wenzangu mlangoni mwa maktaba, rafiki yangu Lilian akauliza huyu ni nani, na mimi, Bi Rahima, nikajibu, "Ni jirani yetu wa kijijini." Audax akanisalimia kama jirani kweli, "Habari za masomo, dada?" akanikabidhi yule samaki, akaondoka. Ni miezi saba sasa hapokei simu yangu.

Lakini neno la siri sikulibadilisha. Akaunti ile huonyesha kila kilichotafutwa, basi kila asubuhi kabla ya chai naifungua nione kama amepita. Zamani alikuwa akitafuta mambo ya injini. Baada ya siku ile ikawa kimya miezi mitatu, nakuta ukurasa uko vilevile nilivyouacha, nalia. Kisha akarudi, ila sasa anatafuta migomba! Mimi nilikuwa nimehangaika siku tatu nikiandika "ugonjwa wa migomba" naletewa mambo ya nchi za mbali, kesho yake nakuta yeye ametumia jina la kitaalamu la ugonjwa wenyewe, akaongeza Kagera, na makala nne nzuri amezihifadhi. Sasa zimefika kumi na moja, nyingine zinahusu wakulima wanawake kabisa, na zote nimezitumia. Lakini roho inaniuma, maana naona anajiandaa kuacha ziwa arudi kulima, na mwanaume harudi shambani peke yake, lazima kuna mwanamke, labda mwenye shamba tayari.

Juzi mkutubi wetu, Mwalimu Rutashobya, ameniita. Kasema akaunti yangu inatumiwa na watu wawili, nibadilishe neno la siri kabla ya mwisho wa mwezi au anaifunga, na utafiti sijaumaliza. Nikilibadilisha, Audax atakuwa amenitoka moja kwa moja, sitajua hata kama ni mzima. Nimemkumbuka mpaka natamani ile harufu ya mafuta ya injini. Nifanye nini?

Mwenye majuto, Bukoba

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze kwa kukugombeza. Neno la siri ulipewa wewe, si la kuazimana kama jembe, na mkutubi hajakuonea. La pili ni zito zaidi. Mtu anavuka ziwa na samaki mkononi, unamwita jirani? Mimi nina majirani pande zote nne na hajatokea wa kuniletea sato.

Sasa nikuulize, wewe msomi. Fundi wa injini Goziba, mnyauko wa migomba unamhusu nini? Injini ya boti hainyauki. Kama wewe unaona anachotafuta, na yeye anaona unachotafuta. Aliona umekwama siku tatu, kesho yake akakutafutia. Na hao wakulima wanawake ni utafiti wa nani kama si wako? Umesoma makala kumi na moja, hukumsoma aliyezileta. Hakuna mwanamke mwenye shamba, mwanangu. Ni wewe. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliweka miwani mezani nikafuta macho.

Fanya hivi. Leo, kabla ya kubadilisha chochote, ingia kwenye akaunti, na palepale pa kutafutia andika: "Audax, nisamehe, nilikuonea aibu, sasa najionea aibu mwenyewe." Maktaba haitakuletea kitu, lakini aliyezoea kupita ataona. Mpe siku mbili. Kisha nenda kwa Mwalimu Rutashobya mwenyewe, mweleze ukweli, badilisha neno la siri mbele yake. Muulize kama aliyekatisha masomo anaweza kuruhusiwa kusoma maktabani kwa haki yake, na afuate utaratibu gani kurudi darasani. Majibu yaandike kwenye karatasi.

Karatasi hiyo usiitume kwa simu. Jumamosi nenda mwaloni, zinapotia nanga boti, na ndugu yako mmoja, mpande boti ya Goziba, umpelekee kwa mkono wako. Utamkuta kazini, na wenzake watamuuliza, "Fundi, huyu ni nani?" Wewe nyamaza. Safari hii ni zamu yake kujibu.