Nalala Nayo

Jumatatu, 3 Februari 2025

Ni kweli. Wiki ya tisa. Miaka arubaini na nne, binti nimeshamuoza, na mimba ninayo — ya Rabbi, uso wangu nitauweka wapi?

Nilikwenda zahanati ya Majengo, huko hanijui mtu. Nesi, Eddah jina lake, akauliza kwa upole: mama, umemleta binti? Nikamwambia mgonjwa ni mimi. Nilitamani ardhi inimeze! Nilichoendea ni haya maziwa yangu tu. Yamevimba, yauma, hata maji ya kuoga yakipita kifuani ni adhabu. Akasema ni kawaida miezi ya mwanzo. Nivae sidiria ya pamba, isiyo na waya, inishike bila kunibana, na nilale nayo. Kitambaa cha maji baridi. Dawa nisimeze kabla ya kuuliza.

Nimenunua sidiria moja njiani. Muuzaji: ya bintiyo? Nikaitika ndiyo.

Jumatano, 5 Februari

Abdulbasit atembea kama bwana harusi. "Rizki hiyo, mama Fadhiya, waona haya ya nini?" Mume wangu, kwake rahisi. Si yeye atakayepita mbele za watu na tumbo.

Nimemwapisha asimwambie Fadhiya. Mtoto mwenyewe ana mimba ya miezi mitatu, ya kwanza! Kama ilivyo ada, atakuja kujifungulia kwangu, nimkande kwa maji ya moto, nimpikie uji, mpaka arubaini yake ya uzazi ishe. Haitakwisha, nami nishazaa. Mkandaji yuko kitandani, akandwa! Aibu gani hii.

Ijumaa, 7 Februari

Fadhiya alikuja. Kanikumbatia — nikaruka! Nikasingizia mgongo.

Jikoni akaanza kulalama: maziwa yamuuma, usiku halali. Nikamwonea huruma. Nikamweleza yote ya Eddah, kitambaa baridi, pamba, waya hapana. Nikanogewa. Nikasema, "Sidiria usivue usiku. Mimi nalala nayo. Nikiivua tu, moto mpaka kwapani."

Nalala!

Akaacha kukoroga chai. "Walala nayo, Mama, au ulikuwa ukilala nayo?"

"Nilikuwa. Ulimi umeteleza."

Akaniangalia kifuani. Akaenda zake, chai hakuinywa. Nimemdanganya mwanangu, macho kwa macho. Hilo limeniuma kuliko maziwa.

Jumapili, 9 Februari

Hajapiga simu, jana wala leo. Nimempigia mara tatu, nikakata kabla haijaita. Nimwambie nini? Mimi na babako...? Astaghfirullah!

Jumatatu, 10 Februari

Amekuja. Hata hodi hakupiga. Katoa mfuko mkobani, kauweka mezani. "Nimekununulia."

Sidiria mbili za pamba. Moja namba yake. Ya pili namba yangu, na si ile ya zamani — kubwa zaidi, ya sasa. Mtoto huyu kanipima kwa macho!

Nikakimbilia chumbani kama mwizi. Nimejifungia. Naandika. Mama mzima namkimbia niliyemzaa!

Yuko nyuma ya mlango. Nilidhani atanicheka. Nilidhani atanitukana. Sauti yake ndogo, kama alipokuwa akiogopa sindano.

"Mama, fungua. Sikasiriki. Nauliza tu — sasa nani atanikanda mimi?"

Nikasogea karibu na mlango. Kisha akaongeza:

"Na wewe nani atakukanda?"

Analia. Ufunguo ninao mkononi, kalamu naiweka —