Mashua Kwenye Yadi ya Fathi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimekwenda kwa Fathi, hapa Garissa. Yadi yake ina kila kitu — tuktuk, pikipiki, jenereta, injini za boti. Unampa chombo chako cha zamani, unaongezea pesa kidogo, unaondoka na kingine. Nikamwambia nina mashua ya mbao, ya kuvulia samaki mtoni, nataka tuktuk. Akacheka. Msomali na mashua! Basi cheka, Fathi, cheka. Nimezoea.

Anasema wako watu wa Lamu wanaozinunua. Mkaguzi wao, Ayanle, atakuja wiki hii. Mashua iletwe yadini, isafishwe, ipakwe rangi. Nimekubali yote. Ningefanyaje? Tangu kiboko aipindue mwezi wa Desemba, bega langu la kulia halinyanyuki. Kuvuta nyavu siwezi tena. Tuktuk nitaiweza.

Naandika Kiswahili ili mke wangu Nasteho asisome. Akijua nilivyo na hofu, atafunga mizigo leo leo turudi kwetu Griftu.

Alhamisi, 6 Februari

Mashua imepanda lori! Soko zima lilisimama kuangalia.

Nimeikwangua, nimeiosha, nimeipaka rangi ya samawati na mstari mweupe. Marehemu baba alikuwa hauzi ng'ombe kabla ya kumwosha na kumsimamisha palipo na jua ang'ae. Nami nimeiweka juani kabisa, katikati ya yadi, rangi ikauke vizuri. Imependeza, wallahi. Fathi mwenyewe ameipiga picha.

Jioni mdogo wangu Abdinasir akapiga simu kutoka Griftu. Anasema Ramadhani ikinikuta sina kazi, nije nimchungie mbuzi wake. Nimchungie! Mimi niliyembeba mgongoni! Ng'ombe wangu waliisha kwenye ukame ule uliotuleta Garissa, wake wakabaki wachache, sasa amekuwa mkubwa wangu. Tena ananiita mla samaki mbele ya watu, tusi kubwa kwetu wafugaji.

Nasteho alisikia yote. Akauliza tu kama nauli atatuma Abdinasir.

Jumatatu, 10 Februari

Ayanle hajaja. Fathi anasema Ijumaa, inshallah.

Leo nimeingia ndani ya mashua kufuta vumbi. Nikainama chini ya kiti. Nikaona mwanga. Nikaangalia tena — naona changarawe ya yadi kupitia sakafu! Mbao zimeachana, kila mahali, kidole kinapita.

Nikampigia Jilo, mvuvi wa Madogo aliyeniuzia. Nikamweleza. Halafu matusi. Umeikausha? Nani alikuambia ukaushe mashua ya mbao? Mbao zikikauka zinasinyaa, Barre! Hiyo si ngamia! Nikamuuliza dawa. Akasema maji. Mwagia asubuhi, mwagia jioni, na umwombe Mungu.

Nimeshinda mtoni na chombo hiki tangu nije Garissa, na sikujua. Ningejuaje? Haikuwahi kutoka majini. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumatano, 12 Februari

Madumu. Madumu ya maji tu. Nayavuta kwa mkono wa kushoto kwenye mkokoteni wa kuazima.

Hamze, mlinzi wa yadi, anaona nimerukwa na akili. Warya, wewe bwana, ananiuliza, unainywesha? Nikamwambia ina kiu. Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, halafu nikaona hakuna cha kuchekesha.

Maji yanaingia juu, yanatokea chini. Ardhi ndiyo inayokunywa.

Jumamosi, 15 Februari

Jana Ayanle hakuja. Leo Fathi amenifukuza.

Adeer, ami yangu, akasema, nakuheshimu, lakini unaniharibia rangi, umeigeuza yadi matope, na haya maji unayopoteza watu wanayatafuta. Nikamweleza habari ya mbao. Hakuelewa. Kwake yeye chombo kinachotunzwa ni kile kilicho kikavu — injini, pikipiki, vyote hivyo. Nikamwomba tuirudishe mtoni. Lori la nani, akauliza. Nikatoka. Hamze akafunga geti taratibu, kama anayeniomba radhi.

Nimekaa kwenye baraza ya msikiti mpaka adhuhuri. Mtu akanisalimia. Sijui alikuwa nani. Nimechoka, na si bega.

Jumanne, 18 Februari

Nasteho ameanza kufunga mizigo. Nguo za watoto ziko kwenye gunia nyuma ya mlango. Nimeliona, nikajifanya sijaliona. Naye ameniona nikijifanya.

Joto.

Alhamisi, 20 Februari

Ayanle yuko Garissa! Kesho asubuhi anaikagua. Nikauliza, yadini? Fathi akasema hapana adeer, mtoni, lazima aione ikielea. Lori amelitoa yeye, bure. Sasa ndiyo analitoa!

Nilirudi nyumbani nimwambie Nasteho. Alikuwa amekata tiketi. Basi la Wajir, kesho baada ya sala ya Ijumaa, halafu Griftu. Nikamwambia subiri kesho ipite. Akasema, Barre, mimi nasubiri tangu ukame. Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningegombana naye.

Tuktuk ile niliyoichagua bado iko pale yadini. Nimepita kuiangalia. Nyekundu.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika nikiwa ndani ya mashua. Maji yako kwenye vifundo vya miguu.

Iliposhushwa tu, mto ukaingia. Kila ungio la mbao! Ndani ikawa chujio. Ayanle alikuwa amesimama ukingoni na viatu vyake vizuri. Si mtu mbaya. Akasema, walaal, ndugu yangu, chombo kisichoelea nitawaambia nini wenzangu? Nikamwapia kwamba mbao zikilala majini siku mbili tatu zitavimba, zitafumba zenyewe. Akaangalia saa. Anaondoka leo alasiri, hana siku mbili tatu. Halafu, labda kwa huruma, akasema: naenda kuswali, nile, nikirudi nikiikuta inaelea tutaongea. Fathi akamfuata.

Basi nikaanza kuchota na kumwaga nje. Watu wote wako kwenye sala ya Ijumaa, mimi niko hapa, Mungu anisamehe. Nimechota kwa kopo mpaka mkono wa kushoto ukachoka. Nikajaribu wa kulia, nikapiga yowe.

Nasteho alikuwa ameshuka mpaka ukingoni. Sikumwona akija. Watoto amewaacha kituoni na jirani yetu Nurto, basi linapakia. Nikamwambia usianze, tafadhali. Hakuanza. Alikuwa na kifurushi cha vyombo kichwani. Akakifungua, akatoa sufuria kubwa, akavua viatu, akakusanya gauni lake la dirac mkononi na kuingia. Nasteho! Huyu anayeogopa mto, hajawahi hata kukalia mashua hii.

Anachota. Mimi bega limekataa, nimekaa naandika, aibu gani hii. Anachota vizuri kuliko mimi, haraka, na maji yamepungua kidogo. Kidogo tu. Kwa mara ya kwanza tangu tuhame Griftu namwona anafanya kitu kana kwamba anaamini kitafaa.

Jilo amepiga simu sasa hivi. Nimemweleza. Acheni kuchota! anapiga kelele. Mnaizuia kupona! Izamishe, Barre, ijae, ilale chini ya maji, siku tatu itakuwa nzima, mashua nzuri hiyo. Mkichota mtachota mpaka kesho na itaingiza tu. Izamishe!

Nikakata simu. Kule juu barabarani gari la Fathi linakata kona kuja mtoni, Ayanle yumo.

Nasteho amenyoosha mgongo, jasho linamtiririka. Ameuliza Jilo anasema nini.

Nimemwambia anakusalimia.

Waaleykum salaam, amesema, na ameinama tena kuchota.