Choo cha Memsabu na Mafiga Yetu

Korogwe, kwenye mkonge

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na baba naye mpe shikamoo yake. Je, goti limepoa? Na Zaina wangu anakula? Bado anauliza mama yuko wapi, au amekwisha nyamaza? Sisi huku wazima, na mdogo wake ameota meno mawili. Ila nimechoka, mama. Mikono inanuka lami, nimeisugua kwa ndimu mpaka ndimu zimekwisha.

Unajua baba Zaina alitolewa kwenye kukata mkonge, akajaribiwa ufundi wa saruji. Mimi nilifurahi kwa ajili ya nyumba. Mafundi hupewa vyumba viwili. Sisi tulikuwa na kimoja, na nusu yake wamelala manamba wawili, vibarua wa mkataba, katikati pazia la gunia. Ndiyo maana Zaina nilimwacha kwako huko Handeni.

Kazi yake ya kwanza ikawa sakafu ya choo cha meneja. Choo chao kimo ndani ya nyumba, mama! Ni cha kukalia. Ukivuta mnyororo, maji yanashuka kutoka tangi la juu, yanasukuma uchafu kwenye bomba lililo chini ya sakafu. Baba Zaina akafanya kama tunavyokandika kwetu, sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Ikang'aa. Kurudisha kile chombo cha kukalia, kimepanda juu, shingo yake haifiki kwenye bomba la chini. Pengo la vidole vitatu! Na bomba la kutoka tangini nalo limezidi urefu, akalipachika kwa nguvu. Memsabu, mke wa meneja, alipovuta, maji yakamwagika miguuni pake.

Mnyapara akamcheka mbele za watu. "Fundi wa matope! Umemchimbia memsabu kisima?"

Memsabu hakucheka. "Jumamosi wageni nakuja. Kama hapana kavu, wewe rudi kata mkonge."

Baba Zaina akarudi nyumbani, chakula hakugusa. "Mama Zaina, nitaivunja sakafu yote."

"Saruji nyingine nani atakupa? Mama akikandika jikoni, mafiga yakazama, huvunja sakafu?"

"Huyainua."

"Basi inua bomba."

"Bomba si figa, mke wangu." Lakini kulipokucha alikwenda kuomba kipande cha bomba la udongo, akakikata pete ya vidole vitatu, akaipachika juu ya lile la chini. Nafasi zikabaki pembeni. Mimi nikaokota nyuzi za katani zilizotupwa kiwandani, nikazisokota pajani kama ulivyonifundisha kusokota kamba, mtoto mgongoni analia, nikazichovya kwenye lami ya moto. Yeye akazishindilia kwa patasi, akaziba kwa saruji. Bomba la juu akalikata kwa msumeno, vidole vitatu vile vile. Siku mbili, mama. Mgongo sikuusikia tena kama ni wangu.

Jumamosi asubuhi nikanyunyiza jivu kavu kuzunguka chombo, ili maji yakivuja tuyaone. Memsabu akavuta. Akavuta tena. Akainama, akaligusa jivu kwa kidole. "Sasa kavu," akaenda zake.

Mnyapara akatikisa kichwa. "Kumbe fundi, mwalimu wako yuko nyumbani."

Baba Zaina akamjibu, "Mwalimu wangu yuko Handeni."

Mama, jana tumepewa ufunguo wa vyumba viwili. Mwisho wa mwezi baba yake atakuja kumchukua Zaina. Msuke nywele, mwambie mama hakumtupa.

Nisalimie shangazi mfinyanzi, na mjomba anayekusomea barua hii. Asome polepole, mwandiko wangu ni wa madarasa mawili. Majirani wote wanaoniulizia, waambie nipo.

Sakafu ya vyumba hivi vipya bado ni vumbi tupu. Udongo nimekwisha uleta, uko mlangoni. Sijaukanda. Namngoja Zaina aje atie mkono wake.

Ni mimi mwanao niliyekuwa nikikuchotea maji ya kukandika,
Mama Zaina