Usiikimbize Laptop Yako

Kihesa, Iringa

Mdogo wangu mpendwa Peter,

Salamu nyingi zikufikie huko Makongolosi. Natumaini kifua hakikusumbui tena na vumbi la mgodini. Sisi huku tu wazima. Mama yuko nyumbani Ubaruku, anakula vizuri, na baridi ya Iringa ni ile ile ya kushinda na koti.

Uliniuliza kwenye meseji kama inafaa kuipandisha laptop yako spidi kupita ile iliyowekwa kiwandani, ili magemu yasikwamekwame. Ningekujibu kwa simu, lakini siku hizi nikianza kuongea nanyamaza katikati, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi niliipandisha yangu. Unajua nahariri video za harusi na misiba. Laptop ilikuwa imechoka, nami nilitaka video ya maziko ya Baba iwe tayari ukoo utakapokutana kuanua matanga. Timotheo, ninayefanya naye kazi studio, alinionyesha namna ya kubadilisha mipangilio. Alinionya kwamba laptop haina pa kupumulia kama kompyuta ya mezani, joto likizidi inaungua. Nikamwambia nitaiwekea feni.

Nisikudanganye, ilikimbia. Kazi ya kutwa ikawa ya asubuhi tu. Nikanogewa, nikaipandisha tena. Kibodi ikaanza kuchoma vidole, ikajizima, nikaiwasha, nikaendelea. Mchana nilitoka kununua maandazi. Niliporudi, skrini ilikuwa nyeusi na chumba kinanuka plastiki iliyoungua.

Fundi Fanueli aliifungua mbele yangu. Alisema ubao mkuu umekufa, na sehemu inayotunza mafaili imechomelewa humo humo, imekwenda nayo. Akauliza kama nina nakala. Sikuwa nayo, kadi za kamera nilishazifuta ili nikarekodi harusi Ilula. Akanipa pole. Nikamshukuru, nikapita sokoni, nikapika, nikala. Mpaka leo sijalia, Peter. Ukoo ulipoiulizia video nilisema imeharibika, kama ninayesema mvua imenyesha.

Kwa hiyo yako iache ilivyo. Gemu likikwama, subiri.

Lakini hilo silo hasa lililonifanya niandike. Ndani ya laptop ile hamkuwa na maziko tu. Siku moja kabla hajafariki, nilimrekodi Baba kitandani, tukiwa wawili. Alikutaja. Alisema: “Mwambie Peter, ng'ombe walipotea mikononi mwake, mtoto hakupotea. Lile neno la kwamba asikanyage kwangu nimeliondoa. Aje.” Akakohoa sana, kisha akarudia: “Aje.”

Nilipokupigia kukupa habari ya msiba, ulisema wewe umeshakatazwa kwa Mzee Kashindye, hata Baba hukumwita, ukakata simu. Ningeweza kupiga tena. Sikupiga. Nilitaka umsikie yeye mwenyewe, kwa sauti yake, ukoo wote ukiwa umekaa, asiwepo wa kubisha. Basi tukamzika bila wewe, na wewe ukabaki huko ukijiona umefukuzwa.

Sasa kimebaki kinywa changu tu. Sina cha kukuonyesha. Ukiona nimeyatunga ili kukubembeleza, sitakulaumu.

Violet mke wa Timotheo, wajina wangu, anakusalimu, na jirani zetu wote. Mama sijamwambia bado Baba alisema nini. Ukija Ubaruku, nitamwambia ukiwa umekaa hapo.

Ni mimi dada yako,
Violet Kashindye