Mtoe, Tuweke Mwingine

Linet, uko? Usinipigie, siwezi kuongea. Nimejificha nyuma ya skrini hapa ukumbini Malindi.

Leo tuna ibada ya kumbukumbu ya marehemu mzee Ziro. Picha yake imejaa skrini nzima, watu wanaimba, mara paneli ya katikati, kimoja cha vipande vinavyounda skrini, ikazimika. Ile ya usoni. Macho na pua vikawa giza tupu.

Nilijua ni kutu tu, chumvi ya huku imekula pini za waya. Fundi mwenzangu Kioko alikuwa nyuma ya skrini, nikamwambia kwa redio. Si unajua sisi paneli tunaziita kama watu.

Nikasema, "Huyu wa katikati amekufa. Mtoe, tuweke mwingine."

Linet, maikrofoni ya mchungaji ilikuwa mbele yangu kwenye meza ya mitambo. Nilikuwa nimeijaribu nikasahau kuizima.

Amekufa, mtoe, tuweke mwingine. Ukumbi mzima umesikia. Wimbo ukakatika. Na Kioko, maskini, akaichomoa kweli, pale usoni pakabaki shimo.

Mjane wa mzee akainuka, akaja mpaka mezani. Hata shikamoo sikutoa. Nikaanza kumweleza habari za kutu na paneli, najua sasa natukanwa.

Hakunitukana, na hilo ndilo linaniuma. Aliniuliza polepole tu, na maikrofoni bado iko wazi:

"Huyo mwingine, mwanangu, mtamtoa wapi?"