Nilisahau Kuzungusha Mkanda, Sasa Harusi ya Mwanangu Imesimama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kwanza naomba usinicheke, maana nimeshajicheka mwenyewe mpaka nikalia. Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili, naimba kwenye kwaya ya akina mama na ibada sikosi labda niwe nimejifungua, na balaa langu lote limetokana na kamera ya plastiki.

Kamera yenyewe ni ya kuchezea, hizi za zamani za kutia mkanda, mwanangu aliinunua akaichoka, mimi nikairithi, na kwa kuwa mkono wa fundi hautulii nikaanza kuichokonoa. Mfuniko wa nyuma ulikuwa unapitisha mwanga, nikauziba kwa utepe mweusi wa mafundi umeme na kuukaza kwa lastiki ya sketi. Nikavisha lenzi kipande cha soksi ya nailoni, akina mama wa kwaya wakatoka hawana kunyanzi hata moja, mwenyekiti wetu akaniambia, "Mwanangu, umenirudisha usichana!" Nikabandika karatasi nyekundu ya peremende kwenye taa yake, nikang'oa kioo kimoja cha miwani mibovu ya mume wangu nikakigundisha mbele ili ione vitu vya karibu. Lakini ujanja uliozidi wote niliugundua kwa bahati tu: kamera hii haina akili ya kukukatalia, yaani ukipiga picha halafu usizungushe mkanda, ukapiga nyingine, ya pili inalala juu ya ya kwanza, na watu ambao hawajawahi kukaa pamoja wanatokea pamoja.

Basi nikataka kumfurahisha Baba Watoto. Mama yake alifariki miaka sita iliyopita, na picha yake kubwa iko moja tu, inaning'inia sebuleni, amekunja uso kwa sababu siku aliyopigwa jua lilikuwa linamwingia machoni. Picha hiyo haigusi mtu, hata vumbi Baba Watoto analifuta mwenyewe. Siku moja alipotoka nikaishusha, Mungu anisamehe, nikaiegemeza kwenye kigoda jikoni kati ya ndoo na kapu la vitunguu, nikaizungushia kitambaa cheusi cha suti ili uso utokee peke yake, nikapiga, nikairudisha ukutani. Nia yangu ilikuwa akirudi nimkalishe kitini nimpige juu ya picha hiyo hiyo, atoke na mama yake amesimama nyuma yake. Akarudi, lakini hata hajakaa nikasikia hodi, mwanangu kaja na mchumba wake na shangazi wa binti, hawakutuambia, nikawa mbio kutafuta vikombe visivyo na ufa, na katikati ya pilikapilika hizo Baba Watoto akasema, "Mama Watoto, lete hicho kidude chako umpige mkwe wetu picha." Nikampiga. Mshauri, nilisahau kuzungusha mkanda.

Nilipokwenda kuchukua picha, fundi wa studio akaniuliza, "Mama, huyu bibi anayegomba hapa nyuma ni nani?" Nikadhani ananitania. Nyumbani wifi yangu, dada wa mume wangu, akanipokonya bahasha, na ya kwanza kutoka ikawa hiyo: binti anatabasamu, chumba chekundu kama tanuri, na juu ya bega lake marehemu mama mkwe amemkunjia uso.

Wifi akapiga yowe. "Mama yangu! Ndilo jicho lenyewe hilo! Ndivyo alivyokutazama wewe siku ulipounguza maharage!"

Baba Watoto akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mimi ni mtu wa ibada, siamini mizimu," akasema, "lakini mama yangu namjua. Hajaridhia."

Harusi ikasimamishwa mpaka tuombe kwanza. Hii ni wiki ya tatu tunaomba, na katika wote mimi ndiye ninayefumba macho kwa nguvu zaidi. Mwanangu hali chakula kikashuka. Binti alikuja mara moja akaonyeshwa picha, akaishika kwa mikono miwili, akaiamkia, "Shikamoo bibi," halafu akaondoka bila kumaliza chai.

Utaniuliza mbona sisemi. Nikisema, Baba Watoto atajua nilimweka mama yake na vitunguu. Na kuna jingine ambalo hata mchungaji sijamwambia: picha ile ilipotoka, chini kabisa ya moyo nilisikia utamu, si mwingi, kama kijiko kimoja cha sukari. Kwa sababu binti huyu, siku ya pili tu ya kunijua, alishika sketi niliyoshona akasema, "Mama, hapa upindo umekwenda upande." Na ulikuwa umekwenda upande.

Sasa najiuliza, au ni Mungu mwenyewe aliyenisahaulisha? Nisubiri ishara, au niichome picha tuyamalize?

Ni mimi, Mama Upindo.

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu Mama Upindo, nimecheka, samahani, nimemaliza. Sasa vuta kiti.

Pole kwa mzigo huo, lakini Mungu usimsingizie. Kidude cha kuzungusha mkanda kilikuwa chini ya kidole chako, si chake. Na kusahau si dhambi. Ungesema saa ile ile, mngecheka mpaka shangazi wa binti amwage chai. Dhambi yako ni hizi wiki tatu. Watu wa nyumba yako wamepiga magoti wanaomba jibu, na jibu limepiga magoti katikati yao linaitikia "amina"! Huoni haya?

Huo utamu wa kijiko kimoja naujua, na mimi ni mtu. Binti alikwambia kweli mapema mno, angesubiri angalau aolewe. Lakini mama mkwe wako amekukosea nini? Yule alikuwa anakwepa jua, wewe umemfanya adui wa msichana ambaye hakuwahi kumwona, naye hana mdomo wa kujitetea.

Picha usiichome. Ukiichoma, wifi yako atasema marehemu amekuja kuichukua mwenyewe, na hapo mwanao atazeeka bila mke.

Kwa mume na wifi maneno matupu hayatatosha, wataona unamkingia kifua binti. Wafanyie kwa vitendo. Tia mkanda mpya, mkalishe wifi kitini, mpige, usizungushe, mkalishe mume wako, mpige juu yake. Mkanda waupeleke studio wenyewe na bahasha waifungue wenyewe. Wakimwona mtu mmoja ana ndevu na hereni, hawatakuwa na swali. Kisha mwambie mumeo habari ya kigoda na vitunguu. Atanuna, ana haki ya kununa. Mwache anune.

Lakini hao ni wa baadaye, na sasa nakwambia jambo ambalo huwa silifanyi. Wiki iliyopita nilipata barua ya binti asiyetaja jina. Anasema bibi wa mchumba wake, aliye kaburini, amemkataa kwa picha. Anasema kila Jumapili baada ya ibada huenda kwenye kaburi la huyo bibi, analifagia, anang'oa majani, anamweleza habari zake: kazi anayofanya, watu wa kwao, jinsi atakavyomtunza mjukuu wake. Akaniuliza, "Marehemu akikukataa, unamwomba radhi kwa kosa gani?" Nilikuwa nimeshamwandikia kwamba aachane na ukoo huo akatafute amani kwingine, na maneno hayo yangetoka leo, hapa unaposoma. Nimeyachana. Kama huyo si mkwe wako, basi mwezi huu kuna mabibi wawili wanaojipenyeza kwenye picha za watu, na hilo sitalikubali.

Gazeti hili linatoka Jumamosi, na usisahau kwamba wifi yako naye anajua kusoma. Kwa hiyo kesho, ibada ikiisha, usibaki uwanjani kusalimiana. Usimtume mwanao, usipige simu. Nenda makaburini kwa miguu yako. Utamkuta ameinama na fagio, anazungumza. Usimkatize, msikilize mpaka amalize, uyasikie yote anayoyasema. Halafu mchukulie fagio mkononi umwambie, "Simama, mwanangu. Aliyekosa ni mimi."